Mtahiniwa Aliyepoteza Masomo: Mitihani Iliyopita au Mada Zilizorukwa?

Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na ingawa watahiniwa waliitwa kurudi Oktoba mwaka huohuo, milango haikufunguliwa kwa madarasa yote hadi tarehe 10 Januari 2022. Tangu hapo walimu wa kidato cha nne na cha sita wamegawanyika kuhusu namna ya kuwasaidia watahiniwa wao.

Wapo wanaowafanyisha mitihani iliyopita ya UNEB, Baraza la Taifa la Mitihani la Uganda, kila jioni. Njia hii humzoesha mwanafunzi kugawa muda na kuelewa swali linataka nini, nayo ni rahisi kuisimamia hata darasa likiwa na wanafunzi wengi.

Wengine hurudi kwenye mada zilizorukwa, kazi ambayo ni ya polepole na humchosha mwalimu, lakini mimi naiunga mkono, kwa sababu nimewahi kusahihisha daftari la binti aliyeiandika kanuni ya milinganyo ya kipeo cha pili bila kosa hata moja, kisha akakwama kwenye kujumlisha sehemu mbili, mada ambayo ilifundishwa wakati yeye yuko nyumbani akimsaidia mama yake sokoni. Karatasi kumi za mitihani zisingemwonyesha pengo lake lilipo. Nusu saa ya kukaa naye ilitosha.

Mitihani iliyopita ningeibakiza kwa wiki sita za mwisho, na kwa watahiniwa wa kujitegemea wasio na mwalimu karibu, ambao kwao ndiyo mwongozo pekee.