Uzoefu wangu: kuzunguka mabonde ya Rwenzori ukiwa na gambuti

Sisi tuliozoea Kilimanjaro tukisikia milima ya Rwenzori, ile ya mpakani mwa Uganda na Congo, tunauliza urefu kwanza. Haya, Margherita, kilele chake cha juu, ni mita 5,109, cha tatu Afrika. Ila kwenye mzunguko wa kati, njia ya kutembea kambi hadi kambi upande wa Uganda, kinachokumaliza ni tope. Mimi kilele sikukitaka, nililipia mzunguko tu: kuanzia kijiji cha Nyakalengija, kisha kambi za Nyabitaba, John Matte, Bujuku, Kitandara, Guy Yeoman, halafu Nyabitaba tena na kushuka. Wanaopanda Margherita kwa kawaida huhesabu siku saba.

Mwanzo ni kupanda msituni, hakuna cha kusimulia sana. Ukishavuka daraja la Kurt Shafer, pale mito ya Bujuku na Mubuku inapokutana, mambo yanabadilika. Mawe yanateleza, miti imeota ndevu, na baada ya John Matte unaingia vinamasi vya Bigo. Kuna njia ya mbao, na Mungu awabariki walioijenga, lakini mbao zikiisha unaruka kutoka kichuguu cha nyasi hadi kingine. Muongozaji wetu alikuwa anachoma tope kwa fimbo kabla ya kukanyaga. Mara moja ikazama karibu yote, akaichomoa taratibu, akasema, "Hapa hapana, kaka. Zunguka."

Sasa malalamiko yangu. Gambuti nilizokodishiwa na kampuni (siitaji) zilikuwa na ufa kisiginoni, uliozibwa kwa gundi. Gundi ilibanduka Bigo. Kuanzia hapo kila jioni nilimwaga maji meusi nje ya kibanda na kukausha soksi kwa joto la mwili ndani ya begi la kulalia. Kule nguo haikauki kwa hewa, usijidanganye. Nilipolalamika nikaambiwa nyingine ziko chini, yaani siku mbili nyuma!

Wapagazi sina la kuwasema ila zuri. Ni Wakonzo, mlima ni wao, na wengine wana jamaa upande wa Congo, kwa hiyo na baadhi yao tulizungumza Kiswahili vizuri tu. Jioni walinikaribisha ugali wa muhogo jikoni kwao, na kusema kweli ulikuwa mtamu kuliko tambi nilizopikiwa mimi mgeni.

Kipande kilichonirudishia pesa yangu ni kutoka Bujuku hadi Kitandara. Asubuhi maji yaliyotuama kati ya majani ya lobelia, mmea mkubwa wa huko juu, yalikuwa yameganda juu. Nikayagusa kwa kidole, yakapasuka kama kioo chembamba. Unapanda kati ya misenesio, mimea mirefu kuliko mtu, hadi pasi (njia ya kuvukia kati ya milima) ya Scott Elliot, mita 4,372, mlima Stanley upande mmoja na mlima Baker upande mwingine, halafu unateremkia kwenye maziwa mawili ya Kitandara. Maji ya Bujuku yanakwenda Ziwa George. Haya ya Kitandara yanashukia Congo. Kama una siku moja ya ziada, ilale hapa.

Sehemu mbaya kuliko zote ni kushuka kutoka pasi ya Freshfield hadi Guy Yeoman. Unapita Bujongolo, chini ya mwamba ambako msafara wa Mwitaliano mwenye cheo cha Duke wa Abruzzi ulipiga kambi mwaka 1906, na ukiangalia utelezi ule unajiuliza mizigo yao ilipitaje. Magoti yangu yalilia. Fimbo mbili ni lazima, usikubali moja.

Nyota nne kwa njia na watu wake, mbili kwa vifaa vya kampuni. Nenda Juni hadi Agosti au Desemba hadi Februari, ingawa hata hapo mvua utaikuta. Nunua gambuti zako Kasese, zivae siku nzima mjini kabla ya kupanda, na uliza mapema kama bei uliyotajiwa ina ada ya kukodi vifaa ndani yake. Yangu haikuwa nayo, na mimi nililijua hilo pale getini mizigo ikishapimwa.