Nilipuliza rimu za IST ile rangi ya mpira inayobanduka, miezi 16 baadae haya ndo niliyoyaona

Gari yangu Toyota IST ilikuja na rimu zake za inchi 15 rangi ya fedha, ila miaka minne ya Dar imezifanya kama zimetafunwa na mbwa, maana ukipaki Kariakoo lazima ukwangue ukingo wa barabara ndo urudi nyumbani. Fundi rangi akanitajia hela ya msasa, puti na rangi nikaguna, halafu wife alikuwa ameshasema gari tunaiuza siku yoyote, sasa mteja akija anataka rimu kama zilivyotoka Japani tunamwambia nini? Ndo dogo mmoja kazini akanionyesha Plasti Dip, unapuliza inakuwa ngozi ya mpira, ukiichoka unaivua na rimu yako iko chini palepale. Kumbe kitu chenyewe cha zamani, kampuni ni ya Minnesota huko Marekani ipo toka 1972, kazi ya mwanzo ilikuwa kuchovya mipini ya koleo isiteleze mkononi, watu wa magari wameidandia baadae tu.

Kopo moja nililipata kwa 38,000, nyeusi isiyong'aa. Dogo akasema hesabu kopo moja kwa rimu moja. Mimi nikajiona mjanja nikachukua matatu, nikasema nitabana bana hapo. Shikilia hiyo hesabu ya matatu tutairudia.

Kazi kubwa siyo kupuliza, ni kuosha. Ule unga mweusi wa pedi za breki umegandia ndani ya rimu kama masizi ya sufuria, nilisugua na brashi na sabuni ya maji mpaka vidole vikaota makunyanzi, halafu nikapangusa na spiriti sababu yale mafuta ya kung'arishia tairi yakibaki kidogo tu mpira haushiki hapo. Kuziba tairi usihangaike na tepu, chukua karata, chomeka moja moja kati ya tairi na ukingo wa rimu zizunguke zote kama petali za alizeti, tairi moja inakula karata karibia 40 ko paketi moja inakutosha kwenda nayo tairi kwa tairi. Matundu ya nati ziba, na upande wa nyuma rimu inapokaa kwenye habu (kile chuma cha katikati inapofungwa rimu) usipulize kabisa, pale panatakiwa chuma kwa chuma la sivyo nati zinakuja kulegea barabarani.

Nilianza saa moja asubuhi kivulini. Rimu ya kwanza nilijaribu saa saba mchana siku ya nyuma yake, aisee rangi ilikuwa inakaukia hewani kabla haijafika, ikatua kama mchanga. Nikaibandua nikaanza upya, na hapo ndo kopo la kwanza lilipoanza kuisha. Kopo linasema uache nusu saa kati ya mkono na mkono, yaani tabaka na tabaka, halafu masaa manne ikauke, mimi nilienda mikono mitano, wa kwanza unapiga kama vumbi tu rimu bado inaonekana, inayofuata ndo unailowesha. Harufu yake siyo ya kitoto, vaa barakoa, na mama wa nyumba ya pili nilimuomba ahamishe jiko la mkaa akanuna ila hii kitu inawaka haraka sana siwezi kucheza nayo.

Rimu tatu zikatoka safi. Ya nne, nyuma kushoto, kopo likaanza kutema mapovu nikiwa mkono wa pili. Nikaangalia nikaona mbona nyeusi tayari, kwa mbali hujui tofauti, nikafunga nati nikaondoka zangu.

Nikashikwa na wazimu nikatafuta na kopo la bei rahisi, halina jina la maana, nikapuliza shoo ya mbele (ile grili) na nembo na kile kifuniko cha mafuta. Shoo ilipauka ndani ya miezi mitatu ikawa ya kijivu. Kifuniko cha mafuta hilo ni kosa langu mwenyewe, petroli na hii mipira haviivani hata ile orijino, dogo wa sheli alidondosha matone mawili tu wakati anachomoa pampu, pale pakawa uji. Kwa hiyo kule msipulize.

Barabarani imenifurahisha, sisemi uongo. Mvua za masika zimepita, vumbi la Goba limepita, rimu zinaoshwa na maji ya bomba na sabuni basi. Joto la breki kwa mwendo wa mjini halijaifanya kitu. Kitu cha kuwa nacho makini ni ile mashine ya presha, kijana alisogeza mdomo wa bomba karibu na ukingo wa rimu, pale pana mchubuko wa zamani mpira ukapata pa kuinukia, ukafunguka kama sentimita tatu. Nilikata na wembe nikagusia kidogo, haionekani. Na rimu hakuna askari anayekuuliza, tofauti na bodi ambayo rangi yake imeandikwa kwenye kadi ya gari.

Mwezi uliopita mteja kapatikana, na kweli akataka rangi ya fedha. Nikatafuta ukingo kwa kucha nikavuta. Rimu tatu, dakika kumi kumi, ngozi nzima inatoka na umbo la spoku zake, mpaka watoto wa jirani wakaja kuangalia na mmoja akaivaa kichwani. Nikahamia ile ya nne. Haivutiki! Inakatika vipande kama ukucha wa mtoto, kila kipande kinaacha ukoko. Nimekwangua Jumapili nzima, nimepaka yale mafuta ya kulainisha ya WD-40, nimejaribu petroli ikageuka tope jeusi likaingia kwenye kila kona. Ndo nikaelewa hii rangi unene ndo unaoifanya itoke, ukibana kopo unabaki na rangi isiyobanduka wala haijashika vizuri.

Dawa yake akanipa yule yule dogo huku anacheka: pigia mpya juu, nzito, ishikane na ile ya chini, ikikauka vuta zote pamoja. Ko lile kopo la nne nililolikwepa nikaenda kulinunua, safari hii kwa 42,000. Wife akanikuta nimechuchumaa napuliza nyeusi juu ya nyeusi, akauliza si ulisema leo unatoa rangi? Nikamwambia ndo natoa.