Uzoefu wangu na darubini ya Dobson (ya kioo, inakaa kwenye kitako cha mbao na unaisukuma kwa mkono) nyepesi ya kuchongesha, hapa Tanga

Kwanza niseme nimeridhika nayo, ila wanaotaka kuiga wasome vizuri hapo kwenye mizani, yani uzito wa juu na wa chini kukaa sawa, manake ndo penye kazi.

Kioo kikuu cha huku chini kina kipenyo cha sentimita 20, fokasi (umbali kinakokusanyia mwanga) mita 1.2. Vioo na lenzi za kutazamia niliagiza nje, vingine vyote fundi seremala wa Ngamiani kakata kwa plaiwudi, alafu badala ya bomba zima la mwili tukaweka vyuma vinne vyembamba vya alumini. Jumla inacheza kilo 11, wakati za dukani za kioo hichohicho nyingi zinafika kilo 20, kwaiyo hii naifungua vipande viwili napanda nayo bodaboda mpaka Raskazone na dereva haninunii.

Mtindo wenyewe ni wa John Dobson, yule mtawa wa San Francisco aliyekuwa anasaga vioo vya madirisha ya meli miaka ya 60 na kuwaonyesha wapita njia mwezi bure barabarani. Zake zilikuwa nzito, na uzito ule ulikuwa unasaidia. Ukipunguza mbao huku chini, kile kichwa cha juu chenye kioo kidogo, lenzi na kile kidarubini cha kulengea kinakuwa bosi, ukielekeza kwenye nyota za chini karibu na upeo pua inadondoka yenyewe, ukiinua juu inatulia. Ujue hapo mizani haijakaa.

Dawa ni kutafuta pale inapokaa sawa kabla hujatoboa tundu lolote. Funga kila kitu, hata lenzi nzito kuliko zote uliyonayo, ininginize kwa kamba ya katani (huku kwetu haikosekani), sogeza kamba mpaka ilale sawa, hapo ndo katikati ya yale magurudumu ya pembeni ambayo darubini inapanda na kushuka juu yake. Kwangu ikaangukia sentimita 30 hivi juu ya kioo. Sasa piga hesabu, lenzi ya gramu 400 iliyokaa sentimita 75 juu ya hapo inadai kilo nzima ya chuma chini ili zitoshane!! Ndo maana nasema kata uzito juu kwanza, huko chini achana nako. Mimi kidarubini cha kulengea nimekitoa, nimebaki na kile chepesi kinachokuonyesha doa jekundu tu la kulengea.

Magurudumu ya pembeni yafanye makubwa, yangu yana kipenyo cha sentimita 40, yamebandikwa formaika (ile plastiki ngumu ya juu ya meza) na yanakalia vipande vya tefloni, plastiki inayoteleza. Yakiwa makubwa msuguano unaishika vizuri hata ukibadilisha lenzi, huhitaji kuweka na kutoa vyuma kila saa, na unaisukuma kwa kidole inaenda bila kuruka. Hapa fundi kanifurahisha sana yani.

Kinachonikera ni utosini, yani kulenga angani juu kabisa ya kichwa. Sisi tuko digrii 5 kusini mwa ikweta, sayari kama Mshtarii na Zohali zinapita juu sana, na Dobson yoyote ikisimama wima kuizungusha pembeni ni taabu, sasa hii ikiwa nyepesi unasukuma na kitako kinasogea nacho. Nasubiri sayari ishuke kidogo tu. Mikanda ya Mshtarii kwa lenzi ya milimita 10, yani kukuza mara 120, naiona safi, na Omega Centauri, lile kundi kubwa la nyota, kwa milimita 25 watoto wa mtaa wanagombania foleni.

Msimu wa kusi ile kaniki niliyozungushia vyuma kuzuia taa za mtaani inavuta upepo kama tanga la ngalawa, picha inatetemeka, siku hizo naivua nahamia nyuma ya ukuta. Chumvi ya baharini nayo haina urafiki na rangi ya fedha ya kioo, nakifunika kikishakauka umande, na vumbi nalipuliza kwa pampu ya mkono, kitambaa hakigusi. Plaiwudi ipigwe vanishi mpaka ndani ya matundu ya bolti, yangu upande mmoja umeshaanza kuvimba, wiki ijayo narudi kwa fundi.