Kompyuta ya ofisi iliyostaafu, hela kiduchu, na gemu: anza kununua kipi Kariakoo?

Mwezi uliopita nilitumbukiza CPU (boksi zima la kompyuta) ya mdogo wangu kwenye shangazi kaja, tukapanda daladala kutoka Tabata hadi Kariakoo. Konda akataka nauli ya mzigo, nikampa bila ubishi. Safari iliyotangulia tulienda mikono mitupu, tukanunua kadi ya grafiki (inayochora picha za gemu) kwa kukisia. Kufika nyumbani, bati la nyuma ya kadi limeizidi CPU kimo kwa vidole viwili. Tukairudisha dukani, jibu likawa moja: "Ikishatoka hapa, bosi, imetoka."

Kwa hiyo kabla hujatoa hata mia, fungua mfuniko uone ulichonacho. Ninazozizungumzia ni hizi za mtumba zilizostaafu maofisini: Dell OptiPlex 7010 na wenzake wa HP, zenye prosesa (ubongo wa mashine) ya Intel i5 ya kizazi cha tatu au cha nne. Usizidharau. GTA V ilipoingia kwenye kompyuta mwaka 2015, prosesa iliyopendekezwa na watengenezaji ilikuwa i5-3470, ambayo ndiyo imo kwenye 7010 nyingi tu. Prosesa basi iache kwanza, hela ielekee kwingine.

Namba moja ni RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine), hasa kama una GB 4 kwenye kijiti kimoja. Nunua cha pili kinachofanana nacho. Mashine isiyo na kadi ya grafiki huazima RAM kwa ajili ya picha, na vijiti viwili hupitisha data kwa njia mbili badala ya moja. Tofauti utaiona kwenye PES 2017 siku hiyo hiyo. GB 8 ndiyo pa kuanzia. Mashine za umri huu hutumia RAM ya aina ya DDR3, na DDR4 haiingii hata ukiisukuma. Angalia na mtego huu: kuna vijiti vya DDR3 vya GB 8 vya bei ya kutupa, vilivyotengenezwa kwa ajili ya bodi za AMD tu. Ukikichomeka kwenye Intel, mashine inalia pii pii na skrini haiwaki. Ndiyo maana CPU tuliibeba.

Namba mbili ni kadi ya grafiki, na hapa ndipo hela nyingi hupotea. Soma kwanza kibandiko cha pawa saplai (boksi la ndani linalogawa umeme). 7010 nyembamba ina wati 240, ile nene ina 275, na zote hazina waya wa ziada wa kulisha kadi. Unatafuta kadi inayojitosheleza kwa umeme wa tundu lake, yaani isiyozidi wati 75.

Chaguo langu ni GTX 1650 isiyo na tundu la waya. Ziko zenye tundu na zisizo nalo, kwa hiyo igeuze ukingo wa juu uone kwa macho yako. Bei ikikushinda, shuka hadi GTX 1050 Ti ya GB 4: bado inacheza vizuri, ingawa ni ya 2016 na Nvidia wameshaacha kuitolea madereva (programu za kuiendesha) ya gemu mpya. Chini yake kuna GT 1030, inayokula wati 30 tu, ila hii ina mapacha wasiofanana. Yenye kumbukumbu ya GDDR5 inafaa. Yenye DDR4 ina jina lile lile na boksi karibu lile lile, lakini kumbukumbu yake ina kasi ya theluthi moja tu. Usipoona neno GDDR5, irudishe kwenye meza. GT 710 na GT 730 mwachie anayetaka kuongeza skrini ya pili ofisini.

CPU yako ikiwa nyembamba, sema mapema kwamba unataka kadi fupi yenye bati fupi, kisha pima na unene wake, maana kadi ya feni kubwa inaweza kugonga pawa saplai.

Kuna na feki. Chipu ya miaka kumi na ushee hubadilishwa programu yake ijitambulishe kama 1050 Ti. Weka GPU-Z (programu inayosoma kadi ni ya aina gani) kwenye flashi, iendeshe pale pale dukani. Feki nyingi huandikiwa FAKE mbele ya jina. Halafu cheza gemu dakika kumi huku muuzaji akikutazama vibaya. Mwache atazame. Risiti nayo iandikwe jina kamili la kadi.

Kitu kingine kilichotutoa jasho: skrini yetu ni ya VGA (plagi ya zamani ya picha), na kadi hizi hazina VGA. Kile kiunganishi cha bei rahisi cha DVI hakisaidii, kwa sababu hakibadilishi mawimbi. Inatakiwa kile cha HDMI kwenda VGA chenye saketi ndani.

Namba tatu, SSD (diski ya kasi) ya GB 240 au 256. Haiongezi fremu (picha kwa sekunde) hata moja kwenye mechi, lakini gemu inafunguka haraka na Windows haikuchoshi. Wengi wataiweka namba moja. Kwa kazi za ofisi ningewaunga mkono.

Prosesa nimeiweka mwisho. Kutoka i5-3470 kwenda i7-3770 ni hela ambayo ingekupandisha kutoka 1030 hadi 1050 Ti. Afadhali umpe fundi ya soda apulize vumbi na abadilishe ile dawa iliyokauka juu ya prosesa. Kwa joto la Dar la Januari, mashine chafu hupunguza kasi yenyewe ili isiungue, nawe unadhani imezeeka.

Pawa saplai kubwa sishauri kwenye mashine hizi. Dell na HP nyingi kuanzia kizazi cha nne zina plagi zao wenyewe, kwa hiyo ya kawaida haiingii bila adapta.

Ya mdogo wangu sasa ina GB 8 na 1050 Ti fupi. UPS (betri ya kushika mashine umeme ukikatika) bado hatujanunua. Juzi umeme ulikatika dakika ya 85, Yanga ikiongoza mbili moja.