Miezi 14 na eafraya: si kikaango, ni oveni ndogo yenye haraka

Chipsi za kwanza nilizopika kwenye eafraya zilitoka na ncha zilizoungua, katikati zimepauka na kulainika kama zilizochemshwa. Nilikuwa nimejaza kikapu hadi juu, nikabonyeza kitufe chenye picha ya viazi, nikaenda kuoga. Watoto walizila kwa adabu, na kwa watoto wangu hiyo ni dalili mbaya. Mwenzangu aliuliza jambo moja tu: risiti bado unayo?

Hiyo ni miezi 14 iliyopita. Sasa eafraya inawashwa karibu kila siku, na kila anayeiona pale jikoni anauliza kama inafaa kununuliwa. Huwa simjibu kabla sijamuuliza mko wangapi nyumbani na oveni unayo au huna. Majibu ya maswali hayo mawili yanaamua karibu kila kitu.

Lakini nianze na jina, maana ndilo lililonipoteza. Wapo wanaokiita kikaangio cha hewa, na ukisikia hivyo unategemea kukaanga. Humo ndani hakuna kukaanga. Juu kuna waya wa joto, hapo hapo kuna feni, chini kuna kikapu chenye matundu. Feni inaizungusha hewa ya moto kwa kasi katika chumba kidogo, basi. Oveni yenye feni inafanya kazi hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba chumba cha eafraya ni kidogo, kinapata moto upesi, na upepo wake unakipiga chakula kwa karibu zaidi. Kampuni ya Philips ilipoitambulisha yake mwaka 2010, kwenye maonyesho ya vifaa vya umeme ya IFA mjini Berlin, jina ndilo lililouza. Nani angekimbilia dukani kutafuta "oveni ndogo yenye feni kali"?

Nilipoacha kuidai ikaange, nusu ya malalamiko yangu yaliisha. Mafuta ya moto yanakizunguka chakula pande zote kwa wakati mmoja na kukimwagia joto kwa nguvu. Hewa haina uwezo huo. Inahitaji nafasi ya kupita, na inahitaji kukuta chakula kikiwa kikavu. Ile rangi ya kahawia na ladha yake hutokana na protini na sukari za chakula kuchanganyika kwenye joto kali. Wataalamu wanauita mmenyuko wa Maillard, kwa jina la Mfaransa Louis-Camille Maillard aliyeueleza mwaka 1912. Mmenyuko huo huanza kuchangamka joto likifika kama nyuzi 140, na chakula kilicholowa hakivuki nyuzi 100 juu ya ngozi yake mpaka maji yaishe. Kwa hiyo viazi vyangu vya siku ya kwanza, vilivyotoka kuoshwa na kurundikwa, vilikuwa vinapikwa kwa mvuke wao wenyewe. Mashine haikuwa na kosa.

Sasa hivi chipsi nazipika hivi. Nakata viazi unene wa kidole, naviloweka kwenye maji baridi nusu saa ili wanga wa juu utoke, kisha navikausha kwa kitambaa, na nikisema kuvikausha namaanisha mpaka kitambaa chenyewe kilowe. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kinatosha viazi vya watu watatu. Kikapu nakijaza nusu tu. Dakika 15 kwenye nyuzi 180, nikitikisa mara mbili, halafu dakika 5 hadi 8 kwenye nyuzi 200. Chumvi naiweka mwisho, kwa kuwa ikitangulia inavuta maji nje. Zinatoka nzuri, ngumu kidogo nje na laini ndani. Je, ni sawa na zilizozama kwenye mafuta? Hapana, na anayekwambia ni sawa ama amesahau ladha ya zile nyingine ama anauza mashine. Zinafanana zaidi na viazi vya kuoka vilivyookwa kwa ustadi.

Iliponifanya niivulie kofia ni kwa kuku. Mapaja yenye ngozi, yaliyokaushwa vizuri na kupakwa chumvi na viungo, bila tone la mafuta: nyuzi 190, dakika 25, nikiyageuza mara moja. Mafuta ya ngozi yenyewe yanayeyuka, yanachuruzika chini ya kikapu, na ngozi inabaki nyembamba, inayolia ukiiuma. Nina kipimajoto kidogo cha kuchoma kwenye nyama. Nikikuta nyuzi 74 karibu na mfupa najua ameiva. Kwa mabawa kuna ujanja: changanya chumvi na kijiko kimoja cha chai cha bekingi poda kwa kila kilo, pakaza, acha kwenye friji saa chache bila kufunika. Bekingi poda inaipunguzia ngozi uchachu, na ngozi ya namna hiyo inapata rangi upesi zaidi. Usizidishe tu, utaionja.

Minofu ya samaki inaiva kwa dakika 8 hadi 10, na nyumba hainuki mpaka kesho yake kama ilivyokuwa nilipokaanga kwenye kikaango. Koliflawa, karoti na biringanya zinatoka na utamu ambao kuchemsha hakuzipi. Mayai pia yanaiva humo na maganda yake, ila sikuona sababu ya kufanya hivyo wakati sufuria ipo.

Kazi ninayoithamini kuliko zote, ambayo wala sikuinunulia mashine hii, ni kupasha viporo. Mikrowevu inakirudisha chakula kikiwa cha moto lakini kimelegea. Ukoko wa mkate unakuwa kama mpira, kuku anatoa jasho. Kwenye eafraya, dakika 4 kwa nyuzi 170 zinatosha ngozi ya kuku wa jana kukauka tena. Hata zile chipsi zilizokwisha kulala usiku mzima zinaamka. Tangu niligundue hilo, chakula tunachotupa kimepungua sana, na kwa nyumba yenye watoto wanaoacha nusu sahani, hiyo si faida ndogo.

Kushindwa nako kupo. Chochote kilichochovywa kwenye rojo ya unga kinachuruzika kupitia matundu kabla hakijashika, na unabaki na vipande vitupu juu na chapati ya ajabu chini. Ukitaka gamba, tumia chenga za mkate na yai, kisha paka mafuta kidogo juu, la sivyo chenga zinabaki na rangi ya unga mbichi. Mboga za majani zinapeperuka. Keki niliyojaribu ilipasuka juu na kukauka huku katikati ikitetemeka. Mchuzi, wali, maharage: hayo ni mambo ya sufuria, na atakayekwambia kifaa kimoja kitachukua nafasi ya jiko zima hajawahi kupika siku saba mfululizo.

Na kuna siku nilitandika karatasi ya kuokea kwenye kikapu kitupu, nikaiwasha ipate moto kwanza. Feni iliinyanyua karatasi mpaka kwenye waya wa joto. Nilisikia harufu kabla sijaona moshi. Karatasi haina ubaya, ila iwekwe pamoja na chakula cha kuikandamiza, na isizibe matundu yote, maana ukiyaziba umeua upepo wenyewe uliolipia.

Tuje kwenye ukubwa, hapa ndipo watu wengi wanapojuta, nami nikiwemo. Ya kwanza yangu ilikuwa ya lita 3.5. Dukani ilionekana pipa. Nyumbani tuko wanne, na kila mlo ulihitaji mizunguko miwili, hivyo wa kwanza kula alikuwa akimaliza wakati wa mwisho bado anasubiri. Lita zinapima ujazo, yaani pamoja na kina, wakati chakula cha eafraya kinataka kulala safu moja. Kipime kikapu kwa upana wa sakafu yake: vipande vinne vya mapaja ya kuku vinakaa bila kugusana? Kama havikai, ni ya mtu mmoja au wawili, hata tangazo liseme ni ya familia. Baada ya miezi 5 ile ndogo nilimpa mdogo wangu anayeishi peke yake, nikanunua ya lita 6 yenye droo pana ya mraba. Kwa mdogo wangu ile ndogo ndiyo jiko, kila kitu anapikia humo, na nadhani ameielewa kuliko mimi. Zile za droo mbili nilizifikiria. Zinakuwezesha kupika samaki huku na viazi kule na vyote vikaiva pamoja, lakini kila droo ni nyembamba, kuku mzima haingii, na zinakula nafasi ya meza.

Umeme ndilo swali la pili kila mtu analouliza. Yangu imeandikwa wati 1,500. Ikiwaka dakika 20 bila kupumzika inatumia nusu yuniti, na kwa kweli inatumia chini ya hapo kwa kuwa joto likifika themostati, yaani kidhibiti joto, inakata umeme na kuurudisha. Oveni kubwa ya umeme huwa ya wati 2,000 na zaidi, na kabla hujaweka chakula imeshawaka dakika 10 au 15 ikijipasha yenyewe. Kwa sahani mbili eafraya inashinda bila ubishi. Kwa sahani nane, mizunguko mitatu, faida hiyo imeyeyuka, na trei moja pana ya oveni inakutosha mara moja. Jambo jingine: wati 1,500 kwenye umeme wa volti 230 ni zaidi ya ampea 6. Mimi niliichomeka pamoja na birika la umeme kwenye waya mmoja wa kuongezea, nikashtuliwa na harufu ya plastiki. Ichomeke ukutani, peke yake.

Kuhusu afya nitasema kwa ufupi, maana hapa matangazo ndipo yanapovuka mpaka. Mafuta yanapungua, hilo ni kweli. Kijiko cha chakula cha mafuta kina kalori kama 120, na mlo ambao zamani ningeuzamisha kwenye mafuta sasa unapata kijiko hicho kimoja tukagawana. Lakini soseji ikiingia na chumvi yake inatoka na chumvi yake. Akrilamaidi nayo, kemikali ambayo watafiti wa Sweden waliitangaza mwaka 2002 kwamba inajitengeneza kwenye vyakula vya wanga vikipikwa kwa joto kali, inajitengeneza humo pia. Haitokani na mafuta, inatokana na sukari na asidi amino zilizomo kwenye vyakula hivyo, joto likizidi nyuzi 120. Kuloweka viazi kunaipunguza, na kuvitoa vikiwa na rangi ya dhahabu badala ya kahawia iliyokolea. Uzito wangu, kwa anayetaka kujua, uko pale pale.

Usafi ni kazi ya dakika tano ukiifanya siku hiyo hiyo, na ni adhabu ukiiacha. Kikapu nakiosha kwa sponji laini na maji ya moto. Vijiko vya chuma sivisogezi karibu, kwa sababu ule utando usioshika chakula ukikwaruzwa mara moja unaendelea kubanduka. Mafuta ya kopo ya kupuliza nayo niliyaacha, yaliacha gundi ya njano isiyotoka. Natumia brashi. Sehemu inayosahaulika ni juu, kwenye waya wa joto, ambako matone ya mafuta yanarukia na kuganda. Siku ukipika kwenye nyuzi 200 yanaanza kutoa moshi nawe unadhani mashine imeharibika. Nachomoa, nasubiri ipoe kabisa, nageuza, nafuta kwa kitambaa chenye unyevu. Nikipika nyama yenye mafuta mengi namimina vijiko viwili vya maji chini ya kikapu, na moshi unapungua.

Kelele yake ni ya feni, unaizoea. Vile vitufe vinane vya picha sijavigusa tangu siku ile ya chipsi. Joto na dakika ndivyo ninavyoviweka mwenyewe, na kama ningenunua leo ningechukua ile yenye swichi mbili za kuzungusha tu. Ila hakikisha droo inaruhusu kuchungulia katikati ya mapishi bila kufuta muda uliouweka. Yangu ya kwanza ilikuwa inafuta, na ilinikera kila siku.

Mkiwa mmoja mpaka wanne, hamna oveni au mna oveni kubwa inayochelewa kupata moto, nunua, na uchague pana. Mkiwa saba, sitakushawishi. Na kama tayari una oveni yenye feni, kabla hujatoa hela fanya jaribio hili: weka waya wa kuchomea juu ya trei, panga mapaja ya kuku yaliyokaushwa, nyuzi 200, feni ikiwa imewashwa, kama dakika 35. Ngozi ikitoka ikilia, mashine ya kufanya hivyo unayo, na pale mezani bado kuna nafasi ya ubao wa kukatia.