Bakteria wazuri wa kuku: dawa naikubali, duka silikubali

Nilingoja hasira zishuke ndipo niandike. Hazikushuka, basi naandika nazo.

Mie nafuga kuku wa nyama hapa Pemba, banda langu liko nje kidogo ya Chake. Nataka kuizungumzia ile poda ya bakteria wazuri ambayo siku hizi maduka ya mifugo yanaiuza, ya kutia kwenye maji ya vifaranga au kuchanganya na chakula. Viwango vya kuchanganya sitaviandika, vipo nyuma ya pakti, kila mtu atasoma. Nitaeleza nilichokiona bandani na nilichoambiwa dukani, na nitaanza na bandani nisije nikaidhulumu dawa kwa makosa ya mtu.

Huku kwetu wengi tunaletewa vifaranga kutoka Bara. Kifaranga ametotolewa kwa mashine, katiwa kwenye boksi, kapanda gari, kapanda boti, kashushwa Mkoani, kapanda gari tena mpaka Chake. Anafika kachoka, mabawa yamening'inia. Na mama yake hakupata kumuona hata siku moja, hapo ndipo lilipo tatizo. Kifaranga wa kienyeji hudonoa pale pale mama anapochakura, akaokota na vijidudu vya kumlinda tumbo. Huyu wa mashine anakuja na tumbo tupu, kijidudu kitakachowahi kuingia ndicho kitakachokaa, kiwe kizuri kiwe kibaya. Watafiti wawili wa Ufini, Nurmi na Rantala, waliliandika jambo hili tangu 1973: vifaranga waliopewa vilivyomo matumboni mwa kuku wakubwa wazima waliweza kuizuia salmonela, bakteria mbaya wa tumbo, isiwakae. Hizi poda za leo zinafuata njia hiyo hiyo.

Mara ya kwanza niliitumia wakati wa kusi, upepo upo, banda poa. Kawaida yangu siku za mwanzo za kundi ni kushinda na kitambaa cha maji ya vuguvugu nikiwafuta vifaranga nyuma, kwa sababu kinyesi kinawaganda mpaka kinaziba, na usipomfuta anakufa. Kundi lile kitambaa kilibaki kambani, kimekauka. Maranda ya kutandika chini ya banda nayo yalikaa makavu karibu mpaka mwisho. Ukiyafumbata mkononi ukiachia yanamwagika, hayashikani. Ile harufu inayokuwasha macho ukifungua mlango alfajiri haikuwepo. Jirani yangu, ambaye kila kundi ana malalamiko yake, safari ile alikuja kuniuliza kwani nimeacha kufuga? Kuku wenyewe wakajaa vifua, na wauza chipsi wa mjini wakaniwekea oda ya kundi linalofuata kabla lile halijesha.

Nilifurahi khaswa. Kabla yake nilikuwa naambiwa nitie antibayotiki kidogo kidogo kwenye maji kila siku, kuku awe mgonjwa asiwe mgonjwa, ati ndiyo wanakua haraka. Mchezo huo Umoja wa Ulaya waliupiga marufuku tangu Januari 2006, wasitie antibayotiki kwenye chakula cha mifugo kwa ajili ya kukuza. Mie kuku hawa wanaliwa na wanangu na watoto wa watu. Nikipata kitu kinachotunza tumbo la kuku bila ya kuacha mabaki ya dawa kwenye nyama, nitakisifu mbele ya yeyote. Niliisifia poda kwa shemeji, nikaisifia kwa kinamama wenzangu wafugaji wa Wawi, wakanunua kwa maneno yangu.

Likaja kundi la kaskazi, msimu wa joto.

Duka silitaji jina, wenyewe watajijua. Nilikwenda mchana, kijana wa dukani akaniletea pakti ikiwa tayari imo ndani ya mfuko wa khaki, nikalipa, nikaondoka. Nyumbani nikaifungua. Ile ya mwanzo ilikuwa laini, inateleza vidoleni, ina kiharufu cha uchachu. Hii ilikuwa mabonge. Nikalitia bonge moja kwenye ndoo ya maji ya kisima nikakoroga, likazunguka, likatuama chini, halikuyeyuka. Nikaigeuza pakti: upande mmoja rangi ya kijani, upande wa pili kijani kimepauka mpaka kinakaribia weupe. Na juu yake, karibu na maandishi ya kuiweka mahali pakavu penye ubaridi, pamechorwa jua limekatwa mstari. Hata asiyejua kusoma ataielewa picha ile.

Nikarudi dukani. Na ndipo nilipoona. Pakti zimepangwa kwenye kabati la kioo pale mbele, linatazama magharibi, juu mabati matupu bila ya dari, jua la alasiri linaingia moja kwa moja. Zote upande wa nje zimepauka. Pakti moja ilikuwa imeegemezwa kwenye kioo chenyewe. Niliigusa, ilikuwa ya moto.

Nikamwambia mwenye duka, "Mwanangu, poda hii imeganda, naomba unibadilishie."

Hakuinua macho kwenye simu yake. "Ipondeponde."

"Si ya kuponda hii. Humu mna bakteria hai, nawe umewaanika juani."

Hapo ndipo aliponitazama. "Bi mkubwa, poda haifi. Wanaokufa ni kuku wako."

Wakacheka waliokuwepo. Nilikuwa nimesimama na pakti yangu mkononi, umri wa mama yake ninao, na watu wananicheka.

Nikastahamili. Nikamwambia vifaranga wangu wamefika jana, wanahitaji kitu kizima. Akafungua droo, akatoa pakti ya antibayotiki, akaniwekea juu ya meza. "Basi chukua na hii, tia zote mbili ndoo moja. Hii inaua wabaya, ile inaleta wazuri." Nikamuuliza, antibayotiki inawajuaje wabaya? Haichagui. Ukizitia pamoja utawaua hao hao wazuri niliowanunua kwa pesa yangu. Kama kuku anaumwa na daktari wa mifugo kaandika dawa, dozi iishe kwanza, ndipo umrudishie bakteria wake. Hilo analijua kila aliyekaa kwenye mafunzo ya ufugaji hata mara moja.

Akasema, "Nani kakufundisha wewe? Mwambie mumeo aje, tutaelewana naye."

Mume wangu kazi yake ni bahari. Stata na finisha, chakula cha vifaranga na cha kuku wanaokaribia kuuzwa, hajui vinatofautiana wapi. Banda nimejenga mimi, mtaji ni wangu, daftari la chanjo nalishika mimi, kideri lini, gumboro lini. Wakati bado nimeduwaa akaingia mwanamme mmoja kuuliza vyombo vya maji, akapewa kibao akae, akaambiwa "karibu sana mzee wangu", akaletewa vitatu vya kuchagua. Mie nimerudi na bidhaa mbovu nimesimama, na pesa yangu imo kwenye droo yake.

Hakubadilisha. Hakurudisha pesa. Nikaondoka na mabonge yangu, na kwa kuwa siku ile sikuwa na pengine pa kupata, nikawapa vifaranga hivyo hivyo. Kitambaa kikashuka kambani. Asubuhi na jioni nilikuwa nimechutama nafuta vifaranga. Maranda yakalowa pale penye vyombo vya maji, yakashikana mabamba, ikabidi niyachote kwa sepeto na kumwaga mengine mapya, na maranda nayo hayapatikani bure. Jirani akarudi na maneno yake.

Sasa, je, poda ilikuwa imekufa? Niseme haki ya Mungu. Kwenye pakti yangu waliandikwa wa aina mbili. Wamo Bacillus, hawa hujifunika gamba gumu na huvumilia joto, ndiyo maana wengine hutiwa hata kwenye chakula cha kiwandani kinachopitishwa kwenye mvuke. Na wamo Lactobacillus, hawa ni dhaifu, joto linawamaliza. Kwa hiyo yawezekana nusu yao walikuwa wazima. Tena kaskazi yenyewe inatesa: kuku akizidiwa na joto anahema, anakunywa maji mengi, choo chake kinakuwa majimaji, na maranda yatalowa hata ukimpa dawa ya namna gani. Kwa hiyo siwezi kuapa kwamba kundi lile limeharibiwa na pakti ile. Hata nilikuwa nataka kumalizia kwa kusema: dawa nzuri, muuzaji hana adabu, nendeni mkanunue.

Lakini kila nikikumbuka lile kabati la kioo nalirudisha neno hilo. Kile kiwango cha bakteria kinachosifiwa kwenye pakti ni cha bakteria hai. Wakikaa kwenye joto wanapungua, na joto likizidi wanapungua upesi zaidi, na namba iliyochapwa haibadiliki. Tunalipia namba, tunapewa vumbi. Mtu anauza kiumbe hai na kukiweka kama chumvi, kisha anayemuuliza anaambiwa akamlete mumewe. Je, wale kinamama wa Wawi niliowasifia poda wamenunua kutoka kabati lipi, la juani au la kivulini? Mmoja ameshaniambia kwake hakuona tofauti yoyote, na mie nilikuwa namwambia atakuwa hakuchanganya vizuri. Namuomba radhi hapa hapa, huenda alikoroga vumbi lililokufa.

Basi nabadilisha. Msinunue. Kama duka haliwezi kukuonesha pakti inakolala usiku na mchana, usinunue hata likipunguza bei. Bora pesa ile uongeze maranda makavu, uoshe vyombo vya maji kila siku, na mapazia ya banda uyafungue upepo upite. Na asidanganywe mtu kwamba poda hii inazuia kideri au gumboro, hayo yana chanjo zake, na nimemsikia muuzaji huyu huyu akimwambia mtu aache chanjo anunue pakti mbili.

Nikifika hapa nafsi inaniambia labda hata kundi lile la mwanzo ulikuwa upepo wa kusi tu. Hapana. Kusi nimefuga miaka, na kabla ya kundi lile kitambaa sikuwahi kukiona kimekauka kambani. Kitu kile kinafanya kazi kikifika kizima, na ndiyo maana nimekasirika kiasi hiki. Kingekuwa uongo ningelikisahau. Kuku wa barafu kutoka Brazili wamejaa kwenye mafriza ya maduka, sisi wa hapa tunapambana nao kwa kilo na senti, na kila kifaranga anayekufa kwa tumbo ni faida imeondoka. Anayeniharibia kitu kinachonisaidia kushindana ananiharibia riziki.

Kundi linalokuja nimemuagiza mdogo wangu Unguja, kuna duka upande wa Mwanakwerekwe ambalo amesema anaiona poda inatolewa ndani ya friji. Ataitia kwenye kidumu cha barafu, aifunge, aipeleke kwenye boti la usiku isipigwe na jua Malindi pale bandarini. Ikifika nitaifungua mbele ya kinamama wenzangu, tuikoroge pamoja, tuione. Kama kuna mtu anayelijua duka lolote hapa hapa Pemba, iwe Wete, Konde au Mkoani, linaloiweka kwenye ubaridi na kumjibu mwanamke bila ya kumuulizia mume, aniambie, nimpunguzie mdogo wangu safari za bandarini.