Waya wa taa ya mezani: kwangua kwanza, ndipo ulipe

Taa yangu ya mezani ina kitako cha mpingo, kazi ya mchongaji wa Kimakonde, na nimekaa nayo tangu naolewa. Waya wake ulipoanza kupasuka ganda pale unapoingia kwenye kitako, nilishuka sokoni hapa Mtwara mjini nikanunua mita tatu za waya mpya, shilingi 1,000 kwa mita. "Mama, hiyo shaba tupu," muuzaji akaniambia. Nikaamini, maana ncha zake zilikuwa nyekundu kweli.

Haikufika miezi minne taa ikaanza kupepesa. Usiku mmoja nikasikia plagi inalia tsss, tsss. Nikaichomoa, nikaifungua kwa bisibisi. Skrubu moja ilikuwa inacheza, nyuzi zilizobanwa chini yake nusu zimekatika, na zilizobaki zimeota unga mweupe. Nikakunja uzi mmoja kwa kucha mara mbili tatu, ukavunjika. Ndani ulikuwa mweupe kama sufuria.

Ile ni alumini iliyovishwa ngozi nyembamba ya shaba. Rangi na urefu wa waya kila mtu anajua kuvichagua, kwa hiyo sitavigusa. Hili la alumini ndilo linalopita machoni pa watu bila wao kuliona. Kwa unene ule ule, alumini hupitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba. Huchoka upesi ikikunjwa, na waya wa taa hukunjwa kila unapoisogeza meza kufagia. Ukiibana kwa skrubu hubonyea taratibu, skrubu inalegea, cheche zinaanza. Na sisi tunaokaa Shangani na Mikindani tunajua hewa yetu ya chumvi inavyokula vitu. Kwa balbu ya LED ya wati 9 labda utaishia kupata taa inayopepesa. Lakini waya huo huo watu wanauziwa wafungie pasi, na pasi ya wati 1,000 kwa umeme wetu wa volti 230 inavuta zaidi ya ampea 4. Hapo tunazungumzia moto ndani ya nyumba.

Kwa hiyo nenda dukani na wembe. Kwangua uzi mmoja: shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani, ya kuvishwa inang'aa nyeupe. Kama una kiberiti cha gesi, shika uzi mmoja kwenye moto. Shaba itawiva iwe nyekundu kisha ibaki nyeusi, alumini italegea na kudondoka. Hata mkono unaweza kukuambia, kwa kuwa alumini haifiki theluthi ya uzito wa shaba. Shika rola mbili za saizi moja, moja kila mkono, utaisikia tofauti.

Sasa, cha kununua. Namba moja kwangu ni Kilimanjaro Cables, waya laini wa nyuzi nyingi, wa njia mbili, saizi 0.75 (milimita za mraba). Nawapenda na sifichi. Waya wao niliofunga kwenye taa hii baada ya ule wa kwanza nimeukwangua, nimeuchoma, nimeukunja, na ni shaba mwanzo mwisho. Namba mbili ni Africab, nao wa Dar es Salaam. Nimewafunga kwenye feni na sina la kulalamika, nawaweka wa pili kwa mazoea tu. Jina lililochapishwa kwenye ganda lisikuzuie kukwangua, kwa sababu majina yanaigwa.

Namba tatu itawashangaza baadhi yenu: waya uliokatwa kwenye kifaa kibovu, kwa fundi redio. Waya wa pasi ya zamani au wa redio kubwa mara nyingi ni shaba nzuri kuliko kilichopo dukani. Kagua ganda kote, kata sentimita kumi kila upande ambako umechoka, halafu kwangua.

Waya usio na jina, wa bei ya chini kuliko zote: hapana. Waya mgumu wa kupitisha ukutani nao hapana, utakatika kwa kukunjwa.

Kama taa yako ni ya chuma, chukua waya wa njia tatu, na ule wa kijani na njano ufungwe kwenye chuma chenyewe. Wakati wa kufunga chomoa plagi kabisa, usitegemee swichi. Kwenye holda ya kuzungusha, waya wa kahawia uende kwenye kile kidoti cha chini katikati, wa bluu kwenye sehemu yenye nyuzi za kuzungushia. Ukikosea, mtoto akigusa shingo ya balbu anagusa umeme. Ndani ya kitako piga fundo ili mtu akivuta waya, fundo libebe na si skrubu. Na ile fyuzi ya ampea 13 inayokuja na plagi itoe, weka ya 3. Mafundi wengi hawaifanyi na sielewi kwa nini, kazi ya dakika moja.

Wauzaji wetu nao wananiumiza. Msimu wa korosho ukifika, bei inapanda, kama vile kila mama aliyeshika kikapu amelipwa na chama cha msingi jana. Ukitoa wembe unaambiwa "ukigusa umenunua". Kipimo chenyewe ni misumari miwili iliyopigwa juu ya kaunta. Mita tatu za waya huu mzuri nilizipima nyumbani kwa futi yangu ya kushonea: sentimita 270. Nikarudi na jua lile la saa saba. Akachukua koleo, akanikatia kipande cha sentimita 30 akanikabidhi.

Kipande, peke yake. Nikiunge vipi kwenye taa?